ALT ikipanda, usikimbilie kuongeza prednisoloni

Mama mmoja wa Mbagala aliingia kliniki na bahasha ya majibu, uso umejaa. "Daktari, watu wananiambia nimenawiri. Mbona ini linazidi kuharibika?"

Alikuwa akitibiwa homa ya ini ambayo si ya virusi: kinga ya mwili wake ndiyo iliyoligeukia ini. Mwanzoni dawa zilimkubali. Kisha ALT, kimeng'enya cha ini, ikapanda tena hadi 92, na huko alikotoka wakamwongezea maradufu prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga.

Naelewa hofu yao, maana ugonjwa huu hurudi, na ukirudi huacha makovu. Lakini ALT inatuambia tu kwamba seli za ini zinaumia, haimtaji anayeziumiza. Prednisoloni huamsha njaa, hupandisha sukari na kuongeza mafuta tumboni, na mengine huishia ndani ya ini. Mama alikuwa ameongezeka kilo 14. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba huamka usiku kula kiporo cha wali wa nazi. Nikamwambia, mama, huo si ulafi, ni dawa.

IgG yake, kingamwili ambayo mara nyingi hupanda ugonjwa unapochachamaa, ilikuwa sawa. Kwenye ultrasaundi ini liling'aa kuliko figo, ishara ya mafuta. Bado sikuridhika, kwa sababu IgG inaweza kuwa sawa huku moto unafukuta chini kwa chini. Tukachukua kipande cha ini kwa sindano. Kwenye hadubini kilijaa vitundu vyeupe, mahali palipokaa matone ya mafuta; seli za kinga zilikuwa chache mno.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Mwenye mafuta tu kwenye ini anaweza kukutwa na kingamwili za ANA kidogo kwenye damu, zile zinazoonekana pia kwa wenye ugonjwa huu wa kinga, akaanzishiwa prednisoloni asiyoihitaji.

Tulipunguza prednisoloni polepole, azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ikabaki kumlinda. Nawasihi, msiiache prednisoloni ghafla wenyewe. Mwili ulioizoea hupunguza kutengeneza homoni yake ya aina hiyo; ukiikata, presha inaweza kushuka vibaya hadi mtu azimie, na ugonjwa nao ukarudi.

Kwenye chakula sikumpa orodha ya makatazo, hazifuatwi. Tuliondoa soda ya mchana na chipsi za jioni, na wali ukapunguzwa, maharage na mchicha vikaongezwa. Sasa anashuka daladala vituo viwili kabla ya kwake. Kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito kunaweza kutuliza ini lenye mafuta. Kwake yeye aliyeanza na kilo 86, hizo ni kama kilo 6 hadi 8 na nusu.

Wiki iliyopita mzani ulisoma 80, ALT 41. Aliomba nimwandikie tarehe ya kipimo kijacho, akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga.