Acheni kuchagua gi kwa uzito

Nimechoka kusikia kwamba gi, vazi la mazoezi ya judo na karate, ikiwa nzito ndiyo nzuri. Wiki hii amekuja mwanafunzi mpya amebeba koti zito kuliko yote aliyoyakuta dukani, anaona fahari, na kweli koti lenyewe ni zuri, limeshonwa kwa uangalifu. Tatizo ni kwamba ni la judo, na yeye anaanza karate. Aliambiwa na mtu aliyemtangulia kwamba nyepesi ni za watoto na za watu wasio makini. Naandika ili ushauri huo usiendelee kuwatoa watu fedha.

Uzito wa gi unakuambia kazi iliyokusudiwa, basi. Haukuambii kama mishono ni imara, kama itakukaa, wala kama itadumu.

Turudi nyuma kidogo. Kano Jigoro alianzisha judo mwaka 1882, na katika judo watu hushikana nguo: ukosi, mikono ya koti, mkanda. Nguo yenyewe ni sehemu ya mchezo, kwa hiyo ilibidi iwe nene na ivumilie kuvutwa. Karate ilipotoka Okinawa haikuwa na vazi hilo. Mwalimu wa huko, Funakoshi Gichin, alipokwenda Tokyo mwaka 1922 na kuonyesha karate pale Kodokan, shule ya judo ya Kano, umbo la judogi, yaani gi ya judo, lilichukuliwa likashonwa kwa kitambaa chepesi zaidi, kwa sababu anayerusha ngumi na mateke hahitaji mzigo wa nguo ya kuvutwa. Wepesi wa karategi, gi ya karate, ulichaguliwa kwa makusudi, tangu mwanzo kabisa.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujatoa fedha ni hili: je, kuna mtu atakayekushika hiyo nguo? Kama yupo, nunua gi ya mchezo wa kushikana. Kama hayupo, achana nayo. Taekwondo wana vazi lao, dobok, na hapo muulize mwalimu wako kwanza, maana wanaofuata shirikisho la World Taekwondo huvaa lenye shingo ya V la kuvaliwa kichwani, na wa ITF, shirikisho jingine, huvaa linalofunguka mbele. Hilo halina mjadala.

Sasa namba, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Gi za karate hupimwa kwa wakia kwa yadi ya mraba, na wakia 1 ni takriban gramu 34 kwa mita ya mraba. Wakia 8 ni nyepesi, 10 hadi 12 ni za kati, 14 na kuendelea ni nzito. Gi ya wakia 14 ni kama gramu 475 kwa mita ya mraba. Koti la judo la mashindano ya shirikisho la kimataifa, IJF, lina gramu 650 hadi 750. Mtu akizipanga namba hizi anadhani ni nguo ileile iliyoongezwa unene. Sivyo hata kidogo. Karategi nzito ni ya maradufu, kitambaa cha aina ya turubai: nyuzi zimepishana mojamoja, zimebanwa, kitambaa ni bapa na kigumu. Koti la judo sehemu ya juu limefumwa kwa mtindo wa punje ya mchele, vinundu vidogo vilivyopangwa safu safu, na chini ya mkanda limefumwa kwa umbo la almasi. Kitambaa hicho ni kinene lakini kinanyumbulika, na ukikikamata kinajaa kiganjani.

Jaribu mwenyewe. Vaa karategi nzito, mwambie mwenzako akamate ukosi kwa mkono mmoja na mkono wa koti kwa mwingine, kisha avute kama anayetaka kukutupa. Kitambaa chenyewe kinaweza kuhimili. Kitakacholalamika kwanza ni mshono wa kwapa, kwa sababu pale hapajawekwa kitambaa cha pili kwa ndani kama kwenye judogi. Sasa geuza: vaa koti la judo upige ngumi mfululizo. Mikono yake ni mipana, na sheria inataka iwe hivyo, sentimita 10 hadi 15 za nafasi kati ya kitambaa na mkono, ili mpinzani apate pa kukamata. Kila hikite, yaani kuvuta mkono kurudi nyongani, kitambaa kinachelewa nyuma ya ngumi. Baada ya muda koti limekunywa jasho, mabega yamelemewa, na mwanafunzi ananiuliza kwa nini anachoka kuliko wenzake.

Wapo wanaonijibu kwamba hilo ndilo lengo, kwamba gi nzito hujenga nguvu. Walimu ninaowaheshimu sana wanaamini hivyo na vitabu vimelirudia, lakini mimi nina mashaka. Ninachokiona kinapanda ni joto la mwili, na mtu aliyezidiwa na joto huanza kuharibu mbinu mapema. Nguvu ina mazoezi yake.

Halafu kuna ule mlio wa gi mtu anapopiga ngumi. Hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha, kwa sababu watu wazima wenye akili zao wananunua gi kwa kusikiliza video. Mlio unatokea hivi: mkono unakwenda kasi, unasimama ghafla, kitambaa hakisimami nao, kinaendelea, kinafika mwisho wake, kinajipiga chenyewe. Kitambaa kigumu, kikavu, chenye mkono mpana kinatoa mlio mkali. Ngumi ileile ndani ya gi ya poliesta haisikiki. Ngumi haijabadilika kwa chochote. Mbaya zaidi, anayeanza akishapenda mlio huanza kuufukuza: anaachia kiwiko kinyooke hadi mwisho, anaifyatua ngumi badala ya kuifikisha, nyonga hazifanyi kazi. Miezi michache baadaye ananionyesha kiwiko kinachouma. Sheria za WKF, shirikisho la dunia la karate, kuhusu kata (mbinu zilizopangwa, zinazoonyeshwa bila mpinzani) zinahesabu kuwa ni kosa mshindani kujipiga kifua, mikono au gi ili kutoa sauti, na nafurahi kwamba zinasema hivyo. Lakini mlio unaotoka wenyewe ndani ya mbinu haukatazwi, na vitabu vya uamuzi vinaandikwa kana kwamba mwamuzi hasikii. Sidhani kama ni kweli. Mshindani wa kata aliyevaa maradufu ya wakia 14 nadhani ananufaika kidogo, na sioni aibu kumshauri aivae. Gi nzito ina faida nyingine pia: inasimama vizuri mwilini na haigandi mgongoni ikiloa. Ila huyo ni mshindani, viwiko vyake vimeshafundishwa. Anayeanza achukue ya wakia 8 hadi 10, ya pamba iliyochanganywa na poliesta, inatosha kabisa.

Tuingie kwenye kipimo. Pamba tupu hurudi, yaani hupungua, ikifuliwa, kwa sababu nyuzi zilivutwa wakati wa kufuma, na maji na joto huziachia zirudi zilikokuwa. Kitambaa kilichokwisha kurudishwa hivyo kiwandani kabla ya kushonwa hupungua kidogo tu. Ambacho hakijarudishwa kinaweza kupoteza asilimia 5 au zaidi. Usidharau namba hiyo. Kwenye suruali ya sentimita 100, asilimia 5 ni sentimita 5. Katika jiu-jitsu ya Kibrazili, kanuni za IBJJF, shirikisho la mchezo huo, zinataka mkono wa koti usiwe zaidi ya sentimita 5 kutoka kwenye kifundo cha mkono ukiunyoosha. Yaani gi iliyokuwa halali dukani inaweza kukunyima pambano baada ya kufuliwa kwa maji ya moto mara moja. Fua kwa maji baridi, anika kivulini, mashine ya kukaushia usiiguse.

Wazazi, najua mnanunua saizi mbili juu ili mtoto aikulie. Nawaelewa, watoto hawasubiri. Lakini mtoto anayekanyaga suruali yake ataanguka, na kwenye mashindano ya WKF mikono ya koti hairuhusiwi kukunjwa. Chukueni saizi moja juu, mpelekeeni fundi cherehani apinde mikono na miguu kwa ndani bila kukata, kisha aifungue taratibu mtoto anaporefuka.

Namba za saizi zenyewe siziamini sana. Namba 4 kwa kawaida ni ya mtu wa sentimita 170 hivi, namba 5 ya 180, lakini kila kiwanda kina jedwali lake, na mengi yanapima urefu peke yake, kana kwamba watu wote wa sentimita 170 wana mapaja sawa. Pima mabega na nyonga zako, ulinganishe na jedwali la kiwanda husika.

Rangi: judo ni nyeupe na bluu, na bluu iliruhusiwa kimataifa mwaka 1997 tu, IBJJF huongeza nyeusi, karate baki na nyeupe. Mkanda utapewa na mwalimu, usinunue wa urembo.

Muda ambao ungetumia kupima uzito mkononi, utumie kuigeuza gi ndani nje. Tazama kwapa, mipasuo ya pembeni, na kile kipande cha msamba cha suruali. Mshono uwe wa mistari miwili au mitatu, usiwe na uzi unaoning'inia, na kamba za pembeni za koti ziwe zimeshonwa ndani ya mshono, hazijabandikwa juu yake. Kisha ivae. Kaa shikodachi, miguu imetanuliwa na magoti yamekunjwa, mpaka chini, inua goti hadi kifuani, nyoosha mikono yote miwili juu. Suruali ikibana msambani au koti likichomoka lote kwenye mkanda, irudishe kabla hujaifua, maana ikishaloa hakuna duka litakaloipokea, na kama ni ya pamba tupu, itabana zaidi.