Neno "force" katika kamusi za zamani: yanayodhaniwa na yaliyomo

Msomaji anayefungua kamusi ya zamani ya Kiingereza kutafuta neno "force" mara nyingi anakwenda na jibu lake kichwani: kani, ile ya vitabu vya fizikia, yaani msukumo au mvuto. Akiikosa, huilaumu kamusi. Lawama hiyo haistahili, na imejengwa juu ya dhana kadhaa zinazofaa kuchambuliwa.

Dhana: kamusi yoyote iliyotoka baada ya Newton inafasili kani kama Newton

Kitabu cha Isaac Newton, Principia, kilichapishwa mwaka 1687. Kamusi ya Samuel Johnson ilitoka London mwaka 1755, miaka 68 baadaye. Humo "force" inaanza na nguvu na uwezo wa kutenda, kisha mabavu, kisha ufanisi wa kitu, uhalali wa sheria, jeshi na zana zake, na mwisho majaliwa yasiyoepukika. Hakuna tungamo (kiasi cha maada) wala mchapuko (kiwango cha kubadilika kwa kasi), ambavyo kani ya fizikia hupimwa kwavyo.

Huo si uzembe. Johnson alifuata maandishi ya watu, na katika maandishi hayo wafalme na majeshi walikuwa wengi kuliko mizani na mitambo. Isitoshe, wanasayansi wenyewe walikuwa bado hawajaafikiana. Mwanafalsafa Mjerumani Leibniz alizungumzia "nguvu hai", akimaanisha kitu kilicho karibu na kile tunachokiita leo nishati mwendo. Mwaka 1847 mwanafizikia Mjerumani Hermann von Helmholtz alichapisha andiko mashuhuri kuhusu kutopotea kwa "Kraft", neno ambalo Wajerumani wanalitumia kwa kani, ilhali alichokieleza ni nishati. Hata jina "newton" kwa kizio cha kani lilipitishwa kimataifa mwaka 1948. Kwa hiyo kamusi ya karne ya 19 inapochanganya kani na nishati, inatuonyesha hali halisi ya lugha ya wakati wake. Kwangu hilo lina thamani kubwa kuliko fasili nadhifu.

Dhana: mifano ya matumizi imetungwa ili kufafanua maana

Katika kamusi za leo mara nyingi ndivyo ilivyo. Johnson alifanya vingine: alisoma vitabu, akapiga mistari penye sentensi alizozitaka, na wasaidizi wake wakazinakili. Kamusi yake ina nukuu zipatazo 114,000, nyingi kutoka kwa Shakespeare, Milton, Dryden na Biblia. Wakati mwingine alizifupisha au kuzibadilisha kidogo, kwa hiyo anayezinukuu leo azilinganishe kwanza na vitabu vyenyewe.

Tofauti hii ina uzito. Mfano uliotungwa unaihudumia fasili, lakini mfano uliookotwa kitabuni ni ushahidi, na ushahidi huja na harufu ya ulikotoka. Ukikuta neno la nguvu limezungukwa na vita na miungu, usidhani neno lenyewe lilikuwa la kivita. Ni washairi waliosomwa ndio waliopenda vita.

Noah Webster, aliyetoa kamusi yake Marekani mwaka 1828 ikiwa na vidahizo (maneno yanayofafanuliwa) vipatavyo 70,000, aliona Johnson amezidisha nukuu. Sentensi nyingi fupi alizitunga mwenyewe, na imani yake ya dini inaonekana ndani yake.

Dhana: maana iliyoandikwa kwanza ndiyo ya kweli zaidi

Inategemea kamusi. Johnson alikusudia kuanza na maana ya asili na kwenda kwenye zilizochipuka. Kamusi kuu ya Oxford, iliyokamilika mwaka 1928, hupanga kwa historia. Nyingine huanza na maana iliyoenea zaidi. Soma utangulizi wake kabla ya kutumia namba 1 kumshinda mwenzako.

Dhana: "force" ni neno moja

Hapa ndipo kamusi za zamani zinaponifurahisha zaidi. Kamusi za jamii ya Webster zinatenga maneno matatu yanayofanana kwa tahajia. La kwanza linatokana na Kilatini "fortis", yaani -enye nguvu. La pili ni maporomoko ya maji, lililoingia kaskazini mwa Uingereza kutoka lugha ya Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, na bado limo katika jina la High Force kwenye mto Tees. La tatu ni kitenzi cha kushindilia kitu ndani ya chakula. Shakespeare alilitumia katika tamthilia yake Troilus and Cressida, aliposema chuki imeshindiliwa akili. Asiyejua homonimu hiyo atasoma kwamba chuki imelazimishwa, na mzaha wote wa jikoni utampita.

Dhana: kamusi za zamani za Kiswahili zinafasili "nguvu"

Nyingi hazikufasili. Kamusi ya mmisionari Krapf ya mwaka 1882 na ile ya mwaka 1939 iliyosimamiwa na Frederick Johnson zilieleza maneno yetu kwa Kiingereza. Fasili za Kiswahili kwa Kiswahili zina historia fupi zaidi: kamusi ya Frederick Johnson huyohuyo ya mwaka 1935, kisha Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981.

Kisawe cha Kiingereza huficha mengi. Mahali "force" inapobeba maana zote peke yake, Kiswahili kinagawa kazi: nguvu, mabavu, lazima, shuruti, jeuri, kani. Mabavu yanatoka ubavuni, kwenye mwili wa anayesukuma. Shuruti ni neno la Kiarabu lenye maana ya sharti. Jeuri nayo, huko Uarabuni, ni dhuluma. Kani ndiyo iliyoingia katika fizikia, na ikaungana na eneo kuzaa kanieneo.