Kabla Hujajaza Fomu ya CLS au Boren: Tazama Uraia, Kisha Deni la Utumishi

Msimu wa maombi ya ufadhili wa serikali ya Marekani wa lugha za kimkakati, kama CLS na Boren, umefika, na maswali ni yale yale. Ofisi yetu ya ushauri wa ufadhili chuoni hupokea ujumbe wa Kiswahili kutoka kwa familia zilizohamia Marekani, na mwingine kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Bukavu. Hawa wa kundi la pili tuwajibu mara moja: fedha hizi hazimleti mtu Marekani. Zinampeleka raia wa Marekani nje ya nchi akajifunze Kiarabu, Kichina, Kirusi, Kiajemi, Kiswahili na lugha nyingine ambazo serikali yake inazihitaji na wanaozijua ni wachache. Kiswahili kuwemo kwenye orodha hakumpi ufadhili mtu aliyekulia kwenye Kiswahili. Tumelisema hili sana, na tutaendelea kulisema.

CLS (Critical Language Scholarship) ni ya Wizara ya Mambo ya Nje. Ilianza mwaka 2006, huchukua wiki 8 hadi 10 za kiangazi, nauli, malazi na masomo vyote vikilipiwa, na wanaosoma Kiswahili wamekuwa wakipelekwa Arusha. Haina deni lolote la kulipa baadaye. Gilman, ufadhili mwingine wa wizara hiyo wa kusoma nje ya nchi, ni ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaopata ruzuku ya Pell, ile ya serikali kwa wenye kipato kidogo: hadi dola 5,000, na nyongeza ya hadi dola 3,000 kwa anayesoma lugha ya kimkakati. Kwa walio sekondari ipo NSLI-Y, mpango wa lugha wa wizara hiyo hiyo, umri miaka 15 hadi 18, ila Kiswahili hakimo. Boren tutaieleza kwa kirefu, maana ndiko watu wanakoumia.

Kwanza uraia. Zote nne ni za raia, na grinkadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) haitoshi. (FLAS, ufadhili wa lugha wa Wizara ya Elimu unaotolewa kupitia vyuo, ndiyo iliyokubali wenye grinkadi; uliza chuo chako kama bado kina fedha zake.) Lakini wapo vijana wanaojinyima haki bila kujua. Chukua binti aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, akaingia Marekani na mama yake kama wakimbizi. Mama akala kiapo cha uraia binti akiwa na miaka 16, ana grinkadi na anaishi kwa mama. Leo ana miaka 20, na kwenye fomu anajaza “mkaazi wa kudumu” kwa sababu kadi iliyo pochini inasema hivyo. Mfumo unamkatalia palepale. Binti huyu ni raia tangu siku mama yake alipoapa. Sheria ya uraia wa watoto ya mwaka 2000 haimdai mtihani wala kiapo, mradi masharti yote yalitimia kabla hajafikisha miaka 18. Anachokosa ni ushahidi tu: aombe pasipoti ya Marekani, au cheti cha uraia kwa fomu N-600. Pasipoti ni nafuu zaidi. Aliyekuwa ameshavuka miaka 18 mzazi alipoapa itambidi aombe uraia mwenyewe kwa fomu N-400 baada ya miaka mitano ya ukaazi, na kwa mkimbizi miaka hiyo huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini.

Sasa Boren. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1991 na iko chini ya Wizara ya Ulinzi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kupata hadi dola 25,000 kwa masomo ya wiki 25 hadi 52. Haigharimii masomo ya Ulaya Magharibi, Kanada, Australia wala New Zealand. Anayetaka Kireno afikirie Brazil au Msumbiji. Anayepokea husaini mkataba wa kuitumikia serikali ya shirikisho kwa mwaka mmoja au zaidi. Kazi hutafutwa kwanza katika wizara za Ulinzi, Usalama wa Ndani na Mambo ya Nje au katika idara za ujasusi. Ikishindikana, katika ofisi nyingine za shirikisho zenye majukumu ya usalama wa taifa. Kufundisha hukubaliwa mwishoni kabisa, baada ya kuonyesha kwa maandishi kwamba kwingine kote umejaribu. Kila ombi la kazi ulilotuma, hifadhi nakala yake. Taarifa ya utumishi hutumwa kila mwaka, hata kama mwaka huo huna kazi. Anayetaka kuendelea na shahada ya juu anaweza kuomba kuahirishiwa, lakini aombe. Kunyamaza si kuahirisha. Asiyetumikia hurudisha fedha pamoja na riba, na deni la serikali ya Marekani halisahauliki. Ajira za shirikisho ziliposimamishwa Januari 2025, mikataba haikufutika. Ukikutana na hali kama hiyo, omba kuongezewa muda kabla tarehe ya mwisho ya mkataba wako haijapita.

Wazazi hutuuliza kama mtoto anafanywa jasusi. Hapana. Sheria yenyewe inakataza idara yoyote ya serikali inayofanya ujasusi kumtumia mwanafunzi kufanya shughuli zake wakati yuko masomoni. Baadaye, akiomba kazi inayohitaji kibali cha usalama, ataulizwa kuhusu ndugu na mawasiliano yake nje ya nchi. Shangazi wa Uvira na binamu wa Kigoma waandikwe wote. Kuwa na ndugu nje hakumnyimi mtu kibali moja kwa moja. Kumficha ndugu ndiko kunakomharibia.

Kuhusu lugha ya kuchagua, msimamo wetu ni huu: kijana aliyekua akizungumza Kiswahili nyumbani asiombe kwenda kujifunza Kiswahili cha mwanzo. Wanaosoma insha za maombi watauliza fedha hizo zinamwongezea nini, na wana haki. Akitaka Kiswahili, aeleze wazi pengo lake, kwa mfano anazungumza vizuri lakini hajawahi kuandika ripoti wala kusoma sheria kwa lugha hiyo. Vinginevyo achukue Kiarabu au Kireno, na Kiswahili akitaje kama ushahidi kwamba lugha anaziweza.

Maombi haya ni bure. Yeyote kwenye kundi la WhatsApp anayedai “ada ya usajili” hana uhusiano wowote na ufadhili huu. Msimtumie fedha, na msimtumie nakala ya pasipoti.

CLS kwa kawaida hufungwa Novemba, na Boren kati ya Januari na Februari. Boren hupitia kwa mwakilishi wa chuo, ambaye ana tarehe yake ya ndani, wiki kadhaa kabla ya ile ya kitaifa. Muulizeni tarehe hiyo sasa, kabla hamjaanza kuomba barua za mapendekezo. Na sehemu ya fedha inayogharimia malazi na nauli hutozwa kodi, kwa hiyo tunzeni risiti.