Kifaa cha usikivu cha kupandikizwa si cha kuvaa kilichoongezwa nguvu

Wapo wazazi mjini Moshi wanaoamini kwamba mtoto aliyepandikizwa kifaa cha usikivu amewekewa tu kifaa chenye nguvu kuliko kile cha kuvaa sikioni, na kwamba atatoka chumba cha upasuaji akisikia. Yote mawili si kweli. Kifaa cha kuvaa hukuza sauti na kuipitisha katika sikio lilelile, hivyo hutegemea seli za kusikia zilizobaki. Cha kupandikizwa huziruka, kwa kuwa maikrofoni iliyo nyuma ya sikio hunasa sauti, prosesa, yaani kompyuta ndogo, huigeuza kuwa ishara, na koili inayoshikiliwa na sumaku juu ya ngozi huzipeleka kwenye uzi mwembamba wa elektrodi (vituo vidogo vya kupitisha umeme) uliolazwa ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani yenye umbo la konokono, ambao huusisimua mshipa wa fahamu wa kusikia moja kwa moja. (Mshipa huo usipokuwepo, upasuaji ni kazi bure.) Kwa kawaida kifaa huwashwa wiki kadhaa baadaye. Hata hapo, mtoto aliyezaliwa kiziwi haelewi mama akimwambia “njoo ule”. Hujifunza kwa miezi mingi ya mazoezi. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza upasuaji huu mwaka 2017, lakini anayesikia vizuri kwa kifaa cha kuvaa hana sababu ya kuufuata huko.