Upatu, Miti na Udongo: Dhana Potofu na Ukweli kuhusu Mafungo ya Tafakuri

Mafungo ya tafakuri ni siku chache ambazo watu hujitenga na shughuli na simu zao, wakakaa mahali penye miti au maji, wakatafakari kwa ukimya, wakasikiliza upatu, yaani sahani ya shaba inayogongwa ili ilie, na mabakuli ya shaba, kisha wakachora, wakafinyanga au wakaandika. Neno lenyewe limezoeleka kwa Wakristo, kama itikafu ilivyozoeleka kwa Waislamu, kwa hiyo wazo la kujitenga ili moyo utulie si geni kwa msomaji wa Kiswahili. Kilicho kipya ni ahadi ya uponyaji inayoambatanishwa na siku hizo, ahadi ambayo wengine huimeza nzima na wengine huitupa bila kuitazama. Pande zote mbili hukosea, ingawa anayeimeza nzima ndiye anayeweza kudhurika zaidi.

Dhana ya kwanza, inayowakatisha tamaa wengi kabla ya jua la siku ya kwanza kuchwa, ni kwamba kutafakari ni kuifanya akili iwe tupu. Akili haifanyi hivyo. Anayetafakari huchagua kitu kimoja cha kukiangalia kwa makini, iwe pumzi, mlio au hatua za miguu yake. Mawazo yanapotangatanga, anatambua kwamba yametangatanga, anayarudisha, na kule kuyarudisha ndiko zoezi lenyewe. Anayelalamika kwamba ameyarudisha mara hamsini kwa nusu saa amefanya zoezi mara hamsini. Wala si jambo jepesi: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake waliwaacha watu peke yao na mawazo yao kwa dakika 15, wakiwa na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme ambayo awali walisema wangelipa fedha kuikwepa. Wanaume 12 kati ya 18, na wanawake 6 kati ya 24, walikibonyeza angalau mara moja. Kwa hiyo anayehisi kuchachawa katika saa za mwanzo za ukimya hana kasoro yoyote. Ni mtu kama watu wengine.

Penye uzushi mwingi zaidi ni kwenye sauti. Husemwa kwamba kila kiungo cha mwili kina mtetemo wake, kwamba ugonjwa ni kiungo kilichopoteza ulinganifu, na kwamba mlio wa hezi 432 hukirudisha mahali pake kwa sababu ndio mlio wa maumbile. Hezi ni idadi ya mitetemo katika sekunde moja, na sekunde ni kipimo walichokiweka binadamu, kwa hiyo ni vigumu kuelewa maumbile yangeichaguaje namba hiyo. Noti ya A, yaani mlio ambao ala za muziki hulinganishwa nao, haikuwa na kiwango kimoja kwa karne nyingi: Ufaransa iliiweka kwenye hezi 435 mwaka 1859, na mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939 ukapendekeza 440. Hayo yalikuwa makubaliano ya wanamuziki na mafundi, na hakuna ushahidi kwamba ini au moyo wa mtu huponywa kwa kulinganishwa na noti. Ni kweli hospitali huvunja mawe ya figo kwa mawimbi ya mshtuko, lakini mawimbi hayo hutolewa na mashine yenye nguvu kubwa na kuelekezwa kwenye jiwe lenyewe, jambo ambalo upatu hauliwezi hata ukipigwa usiku kucha.

Mabakuli ya shaba nayo hunadiwa kuwa tiba ya maelfu ya miaka kutoka Tibet. Vyombo vyenyewe vya aina hiyo ni vya zamani katika eneo la Himalaya, lakini kuvitumia kama tiba ya sauti kulienea katika nchi za Magharibi kuanzia miaka ya 1970. Utafiti wa mwaka 2016 uliohusisha watu 62 uliona kwamba mkazo, hasira na uchovu vilipungua baada ya kipindi cha kusikiliza mabakuli hayo. Hata hivyo, haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hauwezi kutenganisha kazi ya bakuli na kazi ya kulala chali mahali palipotulia bila kusumbuliwa na mtu.

Hilo halimaanishi kwamba upatu ni upuuzi. Mlio mrefu unaofifia polepole huyapa masikio kitu cha kukifuata mpaka kiishe, na anayeufuata mara nyingi hupumua polepole zaidi bila kuamrishwa. Pumzi ya kutoka ikirefuka, neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo, hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Maelezo hayo ya kawaida yanatosha, na binafsi nayaona ya kuvutia kuliko hadithi za mitetemo ya siri. Jambo moja tu lisisahauliwe: sauti kubwa ni sauti kubwa hata ikiitwa tiba, na mwenye mvumo wa kudumu masikioni asiketi karibu na upatu.

Kuhusu maumbile, wengi hudhani kwamba faida hupatikana tu katika msitu wa mbali, tena msitu wenye nguvu zisizoelezeka. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha ulinganisho wa jozi 23 za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: waliotazama miti kupitia dirishani walikaa wodini wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji, waliotazama ukuta wa matofali wakakaa siku 8.70, na wale wa kwanza walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Tofauti hiyo si ya miujiza, lakini ilihusiana na kilichoonekana dirishani tu. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, uliohusisha karibu watu 20,000 nchini Uingereza, ulionyesha kwamba waliokaa kwenye maumbile dakika 120 au zaidi kwa wiki ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kusema wana afya njema, hata kama waligawanya dakika hizo katika matembezi mafupi. Bila shaka inawezekana pia kwamba wenye afya ndio wanaotoka nje. Na lile “kuoga msitu” la Wajapani, linalotajwa kama desturi ya kale, lilipewa jina hilo mwaka 1982 na idara ya misitu ya serikali yao.

Dhana kwamba kuchora na kufinyanga ni kwa wenye kipaji haihitaji maneno mengi. Katika jaribio la mwaka 2016 la Chuo Kikuu cha Drexel, watu wazima 39 walifanya sanaa kwa dakika 45, na takriban robo tatu yao wakapungukiwa na kotisoli, homoni inayohusiana na msongo, bila kujali kama waliwahi kushika brashi au la. Kinachopaswa kutofautishwa ni sanaa ya kujiburudisha na tiba ya sanaa. Jina hili la pili lilibuniwa mwaka 1942 na mchoraji Mwingereza Adrian Hill, aliyekuwa amejituliza kwa kuchora alipougua kifua kikuu, na leo ni taaluma yenye mafunzo yake. Anayegawa rangi kwenye mafungo si lazima awe mwanataaluma huyo.

Dhana ya hatari zaidi ni kwamba tafakuri haiwezi kumdhuru mtu. Mapitio ya tafiti 83 yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikadiria kwamba karibu asilimia 8 ya washiriki walipata madhara, hasa wasiwasi na sonona, na baadhi yao hawakuwa na historia ya ugonjwa wa akili. Ukimya wa siku nyingi humwacha mtu na yale aliyokuwa akiyakimbia, na kwa mwenye kiwewe kibichi, bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) au historia ya saikosisi (hali ya kupoteza mguso na uhalisia), hiyo inaweza kuwa mizigo mizito. Waandaaji makini huuliza habari za afya kabla ya kupokea ada, humruhusu mtu kufumbua macho au kuondoka wakati wowote, na huwa na mtu aliyesomea kazi ya kumhudumia anayezidiwa usiku wa manane.

Papo hapo hujitokeza dhana kwamba mafungo huchukua nafasi ya dawa. Uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki 3,515, uliotolewa mwaka 2014, ulipata ushahidi wa wastani kwamba tafakuri hupunguza wasiwasi, sonona na maumivu, lakini haukupata ushahidi kwamba huzishinda dawa, mazoezi ya mwili au tiba nyingine za tabia. Kuacha ghafla dawa za kifafa au za sonona ni hatari, na mahali popote mgeni anaposhauriwa kuziacha, afungashe siku hiyohiyo.

Mwisho, wapo wanaoamini kwamba siku tatu za ukimya hutosha kwa mwaka mzima. Mpango wa tafakuri alioanzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, ambao ni miongoni mwa iliyochunguzwa sana, huchukua wiki 8. Siku ya ukimya imo, lakini ni moja tu. Siku nyingine mshiriki hufanya mazoezi nyumbani kwake, takriban dakika 45 kila siku, bila upatu na bila msitu.