Zanthati si gundi: jinsi dawa ya povu inavyoshika jiwe

Maabara yetu hapa Nairobi inazidi kupokea malalamiko ya wachimbaji wadogo kwamba dawa ya povu "haishiki". Dawa hiyo ni zanthati: hutiwa kwenye maji yenye jiwe lililosagwa, hewa ikapulizwa, ili chembe za madini zipande na povu. Zanthati tunazoletewa mara nyingi ni nzima. Kilichokosewa ni kudhani kwamba ni gundi.

Molekuli ya zanthati ina kichwa chenye atomi mbili za salfa na mkia mfupi wa kaboni 2 hadi 5. Kichwa ndicho kinachoshika. Kwenye galena, madini ya risasi na salfa, hufungamana na atomi za risasi zilizo usoni pa jiwe, na mkia unabaki nje. Mkia huo haupatani na maji. Kwenye pairaiti, madini ya chuma na salfa, mambo ni mengine: zanthati hupoteza elektroni, zikaungana mbilimbili kuwa dizanthojeni, mafuta yanayotanda juu ya jiwe. Kazi hiyo hutaka oksijeni iliyoyeyuka majini, kwa hiyo hewa si ya kufanya povu tu.

Juzi nilimwonyesha mzee mmoja kutoka Migori. Tulisugua kipande cha galena, tukadondosha tone la maji, likatanda. Tukakiloweka kwenye zanthati dakika chache, tukakisuuza, tukadondosha tena. Safari hii tone lilijikunja likasimama, kama maji juu ya jani la nduma. Uso wa namna hiyo ukikutana na kiputo cha hewa, hunasana nacho, na chembe hupanda juu.

Sasa mtu anaongeza dawa maradufu. Ya nini? Uso ukishajaa, ziada huenda kuinua pairaiti usiyoitaka. Kwatzi, lile jiwe jeupe, haina pa kushikwa na salfa hata ukimwaga debe zima, na dhahabu iliyofichwa ndani yake haitaelea mpaka isagwe, uso wake utokeze. Hili tumelisema mara nyingi. Madini ya zinki hutaka mrututu, yaani salfeti ya shaba, kwanza: shaba ikae mahali pa zinki, ndipo zanthati ishike. Chokaa ikipunguza uasidi wa maji hadi pH 11, pairaiti hubaki chini. Floraspa, madini ya kalsiamu na florini kama ile ya Bonde la Kerio, huitikia asidi za mafuta, zinazoshika kalsiamu.

Zanthati isikutane na asidi wala unyevu. Huvunjika ikatoa kaboni disalfaidi, sumu inayowaka upesi mno. Harufu ya kabeji iliyooza ghalani ni onyo. Fungua madirisha, usiwashe chochote.

Kuhusu sheria: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kemikali hatari iwe na lebo na karatasi ya maelezo ya usalama. Mdai muuzaji karatasi hiyo, uiweke wafanyakazi wanapoiona. Mtambo wa kuchakata madini hutaka leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kabla ya kujengwa, si baada. Kwa kifungu cha 144 cha sheria ya mazingira, EMCA, kosa lisilowekewa adhabu yake mahususi huleta kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au vyote viwili. Maelezo haya si idhini ya kuanza kazi.

Ukileta sampuli, lete jiwe lililochimbwa karibuni, maana lililokaa juani miezi uso wake umeshaharibika. Liwe kavu, mfuko ufungwe, uandikwe mahali na tarehe. Dawa nayo ije katika chombo chake chenye lebo, si kwenye chupa ya soda.