Je, Wajua? Kwa Nini Maji ya Majivu Hulainisha Kunde na Kutelezesha Mrenda

Wiki jana jirani yangu hapa Nakuru alipita jioni kunirudishia ungo, nikamwambia aketi ale. Tulikuwa na ugali wa wimbi na majani ya kunde yaliyochanganywa na mrenda, ile mboga inayoteleza. Alimeza matonge mawili matatu kimya, kisha akaniuliza: "Mama Junior, hizi kunde umezitia nini? Zangu huchemka mpaka maji yakauke na bado natafuna kama kamba."

Nikamwonyesha chupa ndogo inayokaa kando ya kopo la chumvi. Ndani yake mna maji yenye rangi ya chai ya strungi. Nilipomwambia ni maji ya majivu alinitazama kwa mshangao, maana yeye alilelewa Nyeri na kwao majivu huishia shambani. Swali lake la pili ndilo lililonikalisha chini kuandika: majivu yanalainishaje mboga?

Kwetu Kakamega maji haya tunayaita musherekha. Jina hubadilika kidogo ukitoka lahaja moja ya Kiluhya hadi nyingine, na wengine husema tu munyu wa kienyeji, kwa kuwa zamani chumvi ya dukani ilikuwa ya kuhesabu na haya ndiyo yaliyotia mboga ladha. Kukhu wangu, yaani nyanya yangu, aliyatengeneza hivi. Baada ya kupura maharagwe hakutupa maganda wala mabua yake. Aliyaanika yakakauka kabisa, akayachoma mahali safi pasipo na takataka nyingine, akasubiri yawe majivu meupe yaliyopoa. Kisha alichukua chungu chenye tundu chini (siku hizi ni mkebe uliotobolewa kwa msumari), akatandika nyasi kavu ndani ili kuziba tundu kidogo, akajaza majivu na kuyashindilia kwa ngumi. Juu akamimina maji, kidogo kidogo, kwa bakuli. Ukikaa hapo dakika kadhaa huoni kitu. Halafu tone la kwanza linaning'inia chini ya mkebe, la kahawia, zito, linaanguka kwenye sufuria, na nyuma yake yanafuatana mengine.

Kinachotokea ndani ya ule mkebe ni hiki. Mmea unapokua hunyonya madini kutoka ardhini. Ukiuchoma, sehemu kubwa ya mwili wake hupaa kama moshi na hewa, lakini madini hayaungui, hubaki kwenye majivu. Baadhi yake, hasa kalsiamu, hayayeyuki vizuri majini, kwa hiyo hubaki mkebeni. Lakini kuna moja liyeyukalo upesi sana, nalo ni kabonati ya potasiamu. Hiyo ndiyo inayoteremka na lile tone la kahawia, na hiyo ndiyo inayofanya kazi yote.

Wanasayansi huita vitu vya aina hii alkali, yaani kinyume cha asidi. Neno lenyewe linatokana na Kiarabu, al-qali, ambalo lilikuwa jina la majivu ya mimea fulani. Na jina la potasiamu limetoka kwenye neno la Kizungu lenye maana ya majivu ya chungu, kwa sababu Wazungu nao waliyachuja majivu na kuyakausha vyunguni. Mwaka 1807 Humphry Davy alipitisha umeme kwenye kitu hicho kilichotokana na majivu jijini London, akapata metali ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Nalipenda jambo hili sana. Kile alichokipasua maabara ni ndugu wa kile kilichokuwa kikidondoka chini ya mikebe ya nyanya zetu.

Ukitaka kuiona alkali kwa macho yako, huhitaji maabara. Paka bizari ya manjano kidogo kwenye kitambaa cheupe kilichochakaa, kisha dondoshea musherekha. Pale penye manjano pataiva na kuwa pekundu pa kahawia papo hapo. Kamulia limau juu yake, manjano yanarudi. Kama umewahi kufua nguo yenye doa la mchuzi kwa sabuni ya kipande ukashangaa doa limegeuka jekundu, ulikuwa unaliona jambo hilihili, kwani sabuni nayo ni ya upande wa alkali. Jaribio lingine: mimina vijiko viwili vya musherekha uliokolea kwenye kikombe na ukamulie limau. Vitatoka viputo kama vya soda. Asidi ya limau imekutana na kabonati, na ile hewa inayotoka ndiyo hiyohiyo inayotiwa kwenye soda ya chupa.

Sasa tuje kwenye kunde. Jani ni kama ukuta wa matofali. Matofali ni chembe zake, na kinachozishikanisha ni aina ya gundi iitwayo pektini, ileile inayofanya jemu igande. Kwenye jani lililokomaa gundi hii hushikamana na kalsiamu ikawa ngumu, ndiyo maana kunde za mwezi wa kiangazi hukushinda jino. Ukichemsha kwa maji matupu gundi inaachia polepole. Ukiongeza alkali, inakatika vipande haraka zaidi, na chembe zinaachana. Hicho ndicho hasa kinacholainisha yale majani. Ndiyo pia sababu kijiko kimoja kwenye maharagwe yaliyokaa ghalani mpaka yakawa kama kokoto hukuokolea makaa mengi.

Rangi nayo ina maelezo yake. Ukijani wa jani umeshikiliwa na madini ya magnesi. Mboga ikichemka, asidi iliyomo ndani yake yenyewe hutoka na kuyang'oa yale magnesi, na jani hugeuka rangi ya majani makavu. Alkali huitangulia ile asidi na kuizima, kwa hiyo kunde zinabaki kijani hata zikipashwa moto kesho na keshokutwa. Na kwetu zinapashwa kweli. Saga na managu, ambazo Wajaluo wa Kisumu huziita dek na osuga, hupikwa, zikalala, zikaongezwa maziwa, zikachemshwa tena hadi uchungu upungue. Mama pia alituzuia kufunika sufuria ya mboga, na sababu ni hiyohiyo, sehemu ya ile asidi hupaa na mvuke badala ya kurudi kwenye majani.

Mrenda hauhitaji kulainishwa hivyo, kwa kuwa ni laini tangu shambani. Musherekha huusaidia uvutike na uteleze ipasavyo, na huondoa ule ukakasi. Ukiupika kwa maji matupu utaiva, ila utakuwa na madonge.

Mtu ataniuliza: je, majivu yoyote yatafaa? La. Majivu ya kuni nzito huwa na kalsiamu nyingi na potasiamu kidogo, kwa hiyo ukiyachuja unapata maji mepesi zaidi. Maganda ya maharagwe, maganda ya ndizi na magunzi ya mahindi yana potasiamu kwa wingi, na ndiyo maana wazee waliyachagua bila kuwa na jina la hicho walichokitafuta. Nalisema hili kwa msisitizo: usichuje majivu ya jiko lililochomewa karatasi za plastiki, mbao zilizopakwa rangi au takataka za uani. Sumu ya rangi na plastiki haiishii kwenye moshi.

Na kiasi ni jambo kubwa. Kijiko kimoja au viwili vya chai kwenye sufuria ya mboga ya watu watano vinatosha. Mara ya kwanza nilipopika peke yangu nikiwa msichana nilimimina kama nusu kikombe, mboga ikawa na ladha ya sabuni na hakuna aliyeimaliza. Zaidi ya ladha, alkali huharibu vitamini C na vitamini B1, kwa hiyo kadiri unavyozidisha na kuchemsha muda mrefu ndivyo unavyopoteza kile ulichokifuata kwenye mboga. Aliye na ugonjwa wa figo na ameambiwa apunguze potasiamu asiyaguse maji haya kabisa. Kwake si kiungo, ni hatari.

Wengi mjini wameacha musherekha wakashika magadi, yale mabonge yanayouzwa sokoni pamoja na omena na dagaa wengine. Nayo ni alkali, ila yana sodiamu badala ya potasiamu, na kazi yake kwenye mboga ni ileile. Mimi siyapendi. Magadi ya kuchimbwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa huweza kuwa na floridi nyingi, na sisi wa Nakuru tunajua floridi inafanya nini, tumeiona kwenye meno ya kahawia ya watoto waliokulia maji ya visima. Kumwongezea mtoto huyo magadi mbogani kila siku ni kumlundikia mzigo juu ya mzigo.

Ukishaielewa alkali, kazi nyingine za majivu nyumbani zinajieleza zenyewe. Sahani yenye mafuta ikisuguliwa kwa majivu na maji, vidole vinaanza kuteleza. Ule utelezi ni mwanzo wa sabuni, alkali ikikutana na mafuta. Lakini tahadhari na sufuria za alumini. Nje, sawa: kabla ya kuinjika kwenye mafiga, paka kitako cha sufuria majivu yaliyolowa, masizi yatashika pale juu na kutoka yote wakati wa kuosha. Ndani, hapana. Alumini hulindwa na utando mwembamba sana, na alkali huula utando huo. Niliwahi kuloweka sufuria ya mama kwa majivu usiku kucha ili kutoa ugali ulioganda. Asubuhi ukoko ulitoka, lakini ndani palikuwa na madoa meusi na vijishimo ambavyo havikutoka hadi sufuria ilipokuwa ya kulishia kuku.

Ghalani hadithi ni tofauti kidogo, na watu wengi huikosea. Majivu hayaui fukusi kwa sumu. Mwili wa fukusi umefunikwa na nta nyembamba inayozuia maji yake yasikauke. Majivu makavu, yaliyochekechwa vizuri, huikwaruza ile nta, mdudu akakauka, na tena hujaza nafasi kati ya punje asipate pa kupita kwenda kutaga mayai. Kwa hiyo kunyunyiza kidogo juu ya gunia hakusaidii chochote. Lazima majivu yawe mengi kiasi cha kujaza zile nafasi zote, na mahindi yawe yamekauka barabara. Inafaa kwa gorogoro chache za mbegu ndani ya mtungi. Kwa magunia kumi ya kilo 90 utahitaji majivu ya kijiji kizima, na hapo ni afadhali gunia lisilopitisha hewa.

Chooni, kopo la majivu baada ya kila matumizi hukausha na kufunika, inzi wakakosa pa kutua, na ile alkali huwapa vijidudu wakati mgumu. Kunawa mikono kwa majivu ni bora kuliko maji matupu pale sabuni isipopatikana, ila sabuni ikiwepo, shika sabuni.

Kwenye tiba ndipo nina wasiwasi, na nasema waziwazi. Wajawazito wengi hulamba majivu au kunywa maji yake kwa ajili ya kiungulia. Hutulia kweli kwa muda, kwa kuwa alkali huzima asidi ya tumbo. Lakini huwezi kujua ukali wa maji uliyoyachuja mwenyewe. Mkebe mmoja ni mwepesi, wa pili unaweza kuchoma koo. Dawa ya kiungulia kliniki imepimwa, yako haijapimwa. Na kuna desturi moja ambayo natamani iishe kabisa katika kizazi chetu: kupaka majivu kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Majivu yaliyochotwa mekoni hugusana na udongo, na udongo hubeba vijidudu vya pepopunda. Kitovu kiachwe kisafi na kikavu, kipakwe tu kile alichoelekeza muuguzi.

Jirani yangu aliondoka na chupa yangu, na Jumamosi tutachuja nyingine pamoja. Amekwisha kuuliza atajuaje wakati wa kuacha kumimina maji. Kukhu alikuwa akitazama rangi tu. Matone yakianza kuwa meupe kama maji ya kawaida, potasiamu imekwisha kutoka, na kuendelea ni kuizimua chupa bure. Hapo alikuwa anaugeuza mkebe na kuyamwaga majivu yaliyolowa chini ya migomba nyuma ya jikoni, kwa kuwa ile kalsiamu iliyobaki hupunguza ukali wa udongo wetu mwekundu wenye asidi. Mimi sina mgomba hapa Nakuru, nitayapeleka kwenye kitalu cha kunde cha jirani yangu.